Kata, Alisema Mwongozaji

Asubuhi ile mama yake Brashi alitoka na ndoo ya maji, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akacheka peke yake.

"Miaka yote nimelala humu," alisema, "leo nimeamkia nchi ya watu, na hata begi sijafunga."

"Vumilia, mama," Brashi akajibu kutoka juu ya ngazi. "Wakimaliza filamu yao nitakurudishia mlango wako wa bluu."

Brashi alikuwa jirani yetu, mwanamke fundi rangi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kuzaliwa. Watu wa filamu walimpa kazi ya kuugeuza mtaa wetu uwe mtaa mwingine. Ule mwingine ulikuwa mbali, na haukuwepo tena. Zamani wakazi wake walichinjwa kwa mapanga mchana kweupe, kisha nyumba zao zikabomolewa, ikabaki picha moja tu: mlango wa kijani, na juu yake kibao cha duka la mikate. Brashi aliinakili picha ile kama mtu anayechora uso wa mpenzi wake. Hata herufi iliyopinda kwenye kibao, naye aliipinda.

Mwongozaji wa filamu alitazama, akaridhika. "Mtu wa kule akipita hapa," alisema, "nataka aone amefika kwao."

Mdogo wake Brashi, Msumari, kijana mwembamba kama jina lake, alipewa nafasi ya mwoka mikate. Kazi yake ilikuwa kutoka mlangoni, kuinua mikono, na kufa.

"Dada, nikifa vizuri si wataniita tena?"

"Kwanza ule ushibe. Ukianguka na mifupa hiyo watasikia kelele tu."

Mapanga aliyachonga Brashi mwenyewe kwa mbao nyepesi, akayapaka rangi ya fedha. Ukiyagonganisha yalilia ko, ko, kama viatu vya mtoto.

Wakaanza. Kundi la waigizaji likaja mbio, likamzunguka Msumari, mapanga juu, na mwongozaji akasema, "Kata." Kamera ikazimwa. Mikono ikashuka, watu wakacheka, mmoja akaomba maji. Wakarudia, ikawa vivyo hivyo.

Walipojipanga kurudia tena, Brashi alikuwa juu ya ngazi akikipaka kibao rangi nyeupe kidogo, kionekane kina vumbi. Kutoka pale aliona wanaume wengine wamesimama nyuma ya kundi. Hakuwajua. Mabega yao yalikuwa meupe kwa vumbi la kifusi. Wenzao wakitaniana, wao waliutazama mlango wa kijani, kama mtu anavyotazama kazi aliyoiacha nusu.

"Hawa wa nyuma wametoka wapi?" akamnong'oneza mpiga picha, aliyekuwa chini yake.

Mpiga picha hakutoa jicho kwenye kamera. "Wa nyuma wepi? Mimi naona wale wale."

Wakaja mbio. Safari hii mapanga yaliburuzwa kwenye mawe, na hayakulia ko, ko. Yalikwaruza.

Msumari akatoka. Akainua mikono. Mapanga yakapanda, yakatulia hewani. Wale wa nyuma walikuwa wanasubiri kitu.

"Kata," akasema mwongozaji.

Wakakata.

Kiongozi wa waigizaji alikuwa anageuka kucheka. Mkono wake ukaanguka bila yeye, vidole bado vimeshika panga la mbao. Aliutazama. Akaanza kusema samahani, sijui kwa nani, na pigo la pili likamfika mdomoni. Aliyeomba maji alipasuliwa bega mpaka kifuani. Damu ikaruka ukutani, juu ya rangi mbichi, ikateremka pamoja nayo. Watu walikanyagana. Wengine walipiga magoti, na waliopiga magoti hawakuinuka.

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. "Nimesema kata!"

Mapanga yakaongeza kasi.

Hapo Brashi akaelewa. Mwongozaji alidhani anawasimamisha. Wao walisikia amri, na kila mmoja aliipokea kama yake.

Aliruka kutoka kwenye ngazi. Akamvaa mwongozaji, akamsukumia brashi mdomoni, nywele zake zote na rangi yake nyeupe, mpaka kooni.

Mapanga yalining'inia hewani. Moja lilikuwa shingoni mwa Msumari, limeshaingia kidogo. Wale wanaume wakageuza vichwa, wote kwa pamoja, wakamtazama Brashi. Walikuwa wanasubiri neno.

Hakuwapa. Alinyanyua kopo la rangi nyeupe akalirusha juu ya kibao. Nyeupe ikazifunika herufi, ikaifunika ile iliyopinda, ikatiririka juu ya mlango wa kijani. Wanaume wakatazama huku na huku, kama wageni walioshuka kituo kisicho chao. Kisha wakaondoka, wakiburuza mapanga, wakaingia upande ambao una ukuta tu.

Msumari alishonwa, akapona. Filamu haikuonekana popote. Brashi aliukwangua mlango mpaka mbao ikabaki uchi, asiache chembe ya kijani, ndipo akaupaka bluu.

Tangu siku hiyo mtaani kwetu neno lile halitamkwi. Mkate tunaugawa. Nywele tunazipunguza. Hata simu tunaizima.

Mama yake Brashi alisahau mara moja tu. Walikuwa mezani, chai inatoka moshi, kisu kiko kwa Msumari.

"Kata mkate, mwanangu."

Msumari akakiweka kisu chini, taratibu. Akashika shingo yake.

"Mama," akanong'ona, "umesema nini?"

Nje kitu kilikwaruza kwenye mawe. Kikakaribia. Kikatulia.

Hakuna aliyeinuka mezani mpaka chai ikapoa. Brashi ndiye aliyefungua. Barabara ilikuwa tupu, jua linawaka. Lakini mlango ulikuwa na pigo moja, jipya, kimo cha shingo ya mtu. Bluu ilikuwa imechanika, na ndani ya ule mchaniko, pale alipokwangua kwa mikono yake, ilionekana rangi ya kijani, bado mbichi.