Simu Kutoka San Marino

Yaliyomkuta rafiki yangu Vumilia, Novemba ya 2008, mpaka leo hapendi kuulizwa. Alikuwa na siku tatu tangu arudi kutoka San Marino, kijinchi kilichozungukwa na Italia pande zote, alikokwenda kutalii peke yake. Mumewe, Kasiani, alikuwa ameahidi wangekwenda wote kusherehekea miaka ishirini ya ndoa, kisha akajitoa dakika za mwisho. "Nchi gani hiyo, hata kwenye ramani huioni?" alisema.

Hasira ile ilikuwa bado inamchoma Vumilia alasiri aliposhuka kufua nguo za safari katika chumba cha chini cha jengo lao, Hässelby, kaskazini mwa Ulaya. Saa kumi tu, na nje kiza totoro. Akiwa anapanda kurudi, taa ya ngazi ikazimika. Akapapasa ukuta, huku simu ya nyumbani kwake ikilia, ikilia.

"Masikio umeyaweka wapi, Kasiani?" alifoka akisukuma mlango.

Mlio ukakatika. Kasiani alikuwa amesimama gizani, mkono wa simu sikioni. Akamnyooshea.

"Ni wewe," alisema.

"Usinichezee! Sijakusamehe."

Lakini aliipokea. Akasikia upepo, kengele ya kanisa mbali, na viatu vikigonga mawe. Kisha ikaja sauti yake mwenyewe, imekauka, imejaa ghadhabu:

"Kasiani, siku ya tatu leo nakupigia. Huyo mwanamke uliyemfungulia mlango ni nani?"