Mchoro Usio na Sauna

Kila jioni Kaisa Heikkinen alivua buti zenye theluji mlangoni, akatundika koti lake, kisha kabla hajagusa kitu jikoni aliuliza, "Baba, hita imewashwa?"

Katika nyumba yao kuukuu hukuweza kuwasha hita na oveni kwa pamoja. Ukijisahau, fyuzi inakatika na nyumba yote inakuwa giza totoro. Zamani kaka yake Toivo ndiye aliyekimbilia chumba cha chini, tochi mdomoni, kubadilisha fyuzi. Akirudi juu alikuwa akipiga kelele, "Nani tena huyo? Kaisa, ni wewe, mlafi?"

Toivo hakuwapo tena. Gari lake liliteleza kwenye barafu mwezi wa Machi, naye alikuwa na miaka kumi na tisa tu. Siku hizi fyuzi ilipokatika, Kaisa na baba yake walikaa gizani kwa muda, kila mmoja akijua mwenzake anasikiliza ngazi. Halafu Baba aliinuka na kwenda mwenyewe, polepole.

Vuli ile Bibi alilazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu. Daktari alisema atarudi nyumbani akiwa na mashine ya oksijeni ya kutumia usiku, lakini si katika nyumba ambayo umeme wake unazimika ovyo. Wasipoutengeneza, Bibi atapelekwa kwenye makao ya wazee mji wa mbali.

"Hapelekwi popote," Baba alisema. "Nitafunga sanduku jipya la umeme mwenyewe."

Huku kwetu sheria inamruhusu mtu kufanya kazi ya umeme katika nyumba anayoishi, ila achukue kibali kwanza. Na maombi ya kibali si karatasi moja. Palitakiwa fomu yenye sahihi, mchoro wa sanduku jipya, orodha ya kila kifaa na umeme kinaokula, pamoja na mchoro wa kiwanja unaoonyesha kila jengo. Kaisa alikuwa na mkono mzuri wa kuchora, basi kazi ya kiwanja akapewa yeye.

Alichora nyumba, gereji na kibanda cha kuni. Kisha akachora kimraba kidogo karibu na miti nyuma ya nyumba: sauna yao, kibanda cha mbao cha kuogea kwa mvuke. Baba akaweka kidole juu yake.

"Hiyo futa."

"Sauna? Kwa nini, Baba?"

"Futa, Kaisa. Jiko la umeme la mle ndani alilifunga Toivo, bila kibali. Wakiiona watataka kujua nyaya alizotumia. Nyaya ziko nyuma ya mbao, na mbao alizipigilia yeye." "Siwezi kuzing'oa. Mkesha wa Krismasi tutaiwasha kama kawaida yetu. Basi."

Tangu mazishi hakuna aliyeingia sauna ile. Kaisa alichukua kifutio akafuta, akapuliza vumbi.

Asubuhi iliyofuata shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya theluji, hivyo alifuatana na Baba hadi ofisi ya vibali. Karani, Bi Lindquist, alivaa miwani yake akaanza kupitia karatasi moja baada ya nyingine.

"Sahihi ipo. Mchoro wa sanduku, safi. Orodha ya vifaa, sawa." Alipofika kwenye mchoro wa kiwanja alikaa nao, kisha akamtazama Baba. "Wade Heikkinen. Baba yako Heikkinen, babu yako Heikkinen. Sauna iko wapi?"

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaangua kicheko. "Heikkinen bila sauna! Sasa mnaoga wapi, nyie? Kwenye sinki la vyombo?"

Hakuwa na nia mbaya, mzee wa watu. Mji huu una watu wengi wa asili ya Kifini, na nyumba yenye jina kama lile ikikosa sauna kila mtu atauliza. Lakini Baba hakucheka. Alikuwa akitazama glavu zake kama mtu aliyesahau ni za nini. Kaisa hakuweza kuvumilia kumwona hivyo.

"Tuliibomoa," alisema.

Uso wa Bi Lindquist ukalegea. "Ile aliyojenga kaka yako? Oh, mwanangu. Pole sana." Naye akanyoosha mkono kuchukua muhuri.

Kaisa aliona Toivo akiwa juu ya paa la sauna, kiangazi kizima, mgongo umebabuka kwa jua, akimrushia vipande vya mbao. Kwa neno moja yeye alikuwa ameibomoa kazi yote ile. Machozi yakamtoka kabla hajajua kwamba analia.

"Si kweli," alisema. "Hatujaibomoa. Ipo. Niliifuta."

Yule mzee akavua kofia. Baba aliweka mkono begani mwa Kaisa. "Mimi ndiye niliyemwambia aifute," alisema.

Bi Lindquist alirudisha muhuri mahali pake. "Maombi yenye pengo siwezi kuyapokea, Wade, hata yakiwa yako. Nenda kaichore. Kisha niandikie jiko lile linakula umeme kiasi gani, na waya wake ni mnene kiasi gani. Nitakungoja."

Ndani ya gari, walipokaribia nyumbani, Baba alimgeukia Kaisa.

"Unajua umefanya nini? Sasa lazima niifungue."

"Niliposema tumeibomoa, Baba, nilihisi kama amekufa tena."

Baba alisimamisha gari kando ya barabara, akaegemeza kichwa kwenye usukani. Mabega yake yalitikisika. Kaisa hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata makaburini.

Walipofika nyumbani walichukua nyundo na mtaimbo wakaenda moja kwa moja sauna. Mlango ulikuwa umegandamana na barafu, na ndani mlinukia mbao na sabuni kama zamani. Baba alichomoa misumari mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anayemvua mgonjwa soksi. Kaisa alishika tochi. Alitumaini kwamba nyuma ya ubao watakuta jina la Toivo, au tarehe, au hata kikaragosi alichochora kwa utani. Walikuta karatasi ya peremende, basi.

Na waya. Ulikuwa mwembamba, wa kuwashia taa, wala haukufaa jiko kubwa kama lile. Ganda lake lilikuwa limeyeyuka, na ubao ulioshikana nao ulikuwa mweusi kama mkaa.

Baba aliketi kwenye benchi. "Mkesha wa Krismasi," alinong'ona. "Tungekuwa humu ndani, mimi na wewe."

Halafu alisema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. "Aliniuliza, Kaisa. Aliniuliza, 'Baba, tuchukue kibali?' Nikamcheka. Nikamwambia, kibali cha nini, ni sauna tu. Aliuliza vizuri, mwanangu, nami nikamjibu vibaya."

Kaisa alikaa karibu naye. Akamshika mkono.

Jioni ile alichora mchoro mpya, na sauna akaitia kwa wino. Baba aliongeza jiko kwenye orodha, akahesabu upya, na kuonyesha waya mnene utakaotoka kwenye sanduku jipya. Bi Lindquist alipitia karatasi zote kuanzia mwanzo, akapiga muhuri bila maneno mengi. Baba alifanya kazi, mkaguzi akaja akatazama kila kitu na kuridhika, na kabla ya Krismasi Bibi alirudi nyumbani, naye Baba akamsimulia yote.

Mkesha ulipofika, sauna ilikuwa bado haijamalizika, nusu ya ukuta iko wazi. Walikula nyumbani. Kaisa aliwasha oveni huku hita ikiunguruma na mashine ya Bibi ikijaribiwa chumbani. Taa hazikutikisika hata kidogo. Alisimama katikati ya jikoni, mara akaanza kulia.

"Nini tena?" Bibi aliuliza.

"Fyuzi haitakatika tena, Bibi. Hakuna atakayepanda ngazi akiniuliza kama ni mimi."

Bibi alimvuta karibu. Aliongea polepole kwa ajili ya pumzi. "Lia, mjukuu wangu. Lakini sikiliza, na wewe Wade usikilize. Toivo alikosea waya, na wewe ulikosea jibu. Mlipoficha makosa hayo hamkumlinda Toivo. Mliliacha kosa ndani ya ukuta, likawangoja. Huyu mtoto alisema ukweli mbele ya watu, ukamuuma kweli kweli, na kwa sababu hiyo leo nina watu wa kula nao. Msifiche kitu kwa ajili ya kumpenda mtu."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alivuta kiti chake, akatazama oveni, na mazoea yakamshinda.

"Kaisa, hita imewashwa?"

"Imewashwa, Baba," alisema Kaisa, akijifuta machozi. "Zote zimewashwa."