Mlio wa Pedeli

Usukani wa baiskeli ulikuwa umenasa kwenye mikanda ya mabegi ndani ya buti la basi, na kadiri utingo alivyovuta ndivyo ulivyozidi kunasa. Kituo cha mabasi kilikuwa kimefurika asubuhi hiyo. Wachukuzi walipigana vikumbo, vipaza sauti viliita abiria kila upande, na jua la pwani, ingawa lilikuwa bado chini, lilikuwa limeshaanza kuchoma lami.

"Taratibu, kaka yangu, utaivunja!" alisema mwenye baiskeli, mwanamke mwembamba aliyevaa suruali ya kaki aliyojishonea mwenyewe na kilemba cha rangi ya machungwa.

"Dada, basi linaondoka. Kwani hiki chuma ni dhahabu?"

Kabla hajajibu, mkono mrefu wenye madoa ya grisi ulipita juu ya bega lake, ukaugeuza usukani kidogo tu, na baiskeli ikatoka bila ubishi. Mwenye mkono alikuwa na shati la bluu lililopauka na spana mbili mfukoni. Aliisimamisha baiskeli kando ya ukuta, akazungusha pedeli kwa kiganja. Ikalia: kwii, kwii.

"Inalia kama ina njaa," alisema.

"Iache ilie. Nimeshaizoea."

"Unakwenda na msafara wa baiskeli?"

"Ndiyo. Na wewe?"

"Mimi ndiye fundi wao." Akatabasamu. "Kwa hiyo huu mlio na mimi tutaonana sana."

Yule mwanamke hakutabasamu. Alishika baiskeli yake, akashukuru, akaenda zake. Laiti angesimama hata kidogo akamweleza mtu yule kwa nini ile pedeli haikupaswa kuguswa, hadithi hii isingekuwepo. Lakini nani humweleza mgeni siri ya nyumba yake katikati ya kituo cha mabasi?

Baiskeli ilikuwa ya marehemu mume wake. Miaka yote ya ndoa yao, jioni, yeye akiwa amekaa kwenye cherehani akishona sare za wanafunzi, alikuwa akiusikia mlio ule tangu kwenye kona ya mtaa. Kwii, kwii. Ulipofika kwenye duka la jirani, aliinuka akabandika maji ya chai. Ulipofika mlangoni, chai ilikuwa tayari. Kisha ugonjwa mfupi ukamchukua mume, na nyumba ikanyamaza.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Sura yake ilikuwepo ukutani, ndani ya fremu, lakini sauti yake ilikuwa imemtoka mjane kichwani. Hakujua imetoka lini. Siku moja tu aliitafuta, akaikosa, akakaa sakafuni chumbani ameshikwa na hofu, maana aliona kwamba mtu anaweza kufa mara mbili. Tangu hapo alijifunza kuiendesha baiskeli ile, apate kuusikia mlio. Ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho ambacho masikio yake yalikuwa na hakika nacho. Na kwa kuwa mume alikuwa amesema kila mwaka kwamba atakwenda na msafara wa pwani, na kila mwaka hakwenda, mke aliamua kwenda kwa niaba yake.

Kiongozi wa msafara alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, mama mnene mwenye filimbi shingoni, aliyeitwa Kapteni.

"Majina tumeyaacha nyumbani," alitangaza walipojipanga. "Humu kila mtu nampa langu. Wewe mshonaji utakuwa Sindano. Na huyu fundi wetu ni Mkia, kwa sababu anakaa nyuma ya wote. Sheria ni moja: Mkia hampiti mtu. Hata uende kama konokono, yuko nyuma yako. Tumeelewana?"

Walielewana. Na kwa kuwa Sindano ndiye aliyekuwa na mwendo mzito kuliko wote barabarani, ilitokea kwamba kutwa nzima, bahari ikiwa upande wa kushoto na mashamba ya chumvi yaking'aa upande wa kulia, hakuwa na mwenzake ila Mkia.

"Fundi mwenzangu," Mkia alimwita siku ya kwanza, "unachoka?"

"Nani kakuambia sisi ni wenzako? Wewe unashika grisi, mimi nashika hariri."

"Sare za shule ni hariri siku hizi?"

"Kwa mshono wangu, ni hariri."

Mkia alicheka mpaka akayumba. Alikuwa na kicheko cha wazi, na Sindano alijikuta siku iliyofuata anatafuta la kusema ili akisikie tena. Shati la bluu lilipochanika begani, alimvua kwa amri, akakaa kwenye kivuli cha daraja akalishona, na Mkia akakaa na fulana yake kando, ametulia kama mtoto anayenyolewa.

"Mikono yako haina haraka," alimwambia.

"Haraka inaharibu nguo."

"Ningekuwa na mtu wa kunishonea hivi, ningechana shati kila siku."

"Basi ungetembea kifua wazi. Mimi sishonei wazembe."

Alisema hivyo, lakini alijichoma kidole. Mapenzi hayana adabu. Hayaulizi kama eda imekwisha, wala kama kuna picha ukutani. Jioni, watu walipokuwa wanaoga na kunyoosha miguu katika nyumba ya wageni, wifi yake, dada wa marehemu, alipiga simu kama kawaida.

"Wifi, umefika wapi?"

"Tumepita mto. Nimechoka, lakini mzima."

"Mh. Sauti yako ina sukari. Nani huyo?"

"Nani nani?"

"Usinifanye mtoto. Yupo mtu."

Sindano alitazama mlangoni kama kuna anayesikia. Kisha akasema, "Yupo fundi. Ananichekesha tu."

"Basi cheka," wifi alijibu, na sauti yake ikawa nzito. "Kaka yangu alikufa. Wewe hukufa. Mimi nilikuwepo mazikoni, najua tulizika mmoja."

Siku hazikukawia kuwakurubisha. Aliyemgoja mwenzake kwenye mlima alikuwa huyu, aliyemletea mwenzake maji alikuwa yule. Mkia alimwambia kuhusu karakana yake, chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, na jinsi anavyoweza kujua ugonjwa wa baiskeli kwa sikio tu kabla haijafika mlangoni. Sindano alisikiliza hilo na kitu kikamchoma, akataka kusema, "Na mimi nilikuwa najua mtu kwa sikio." Hakusema. Aliona kwamba akianza atalia, na hakutaka kulia mbele ya mtu aliyemfanya acheke.

Wakafika mji mdogo wenye joto la kutisha, na Kapteni akaamuru wapumzike mchana kutwa. Sindano alilala kama gogo. Asubuhi yake aliteremka uani, akapanda baiskeli, akakanyaga.

Kimya.

Alidhani mnyororo umetoka. Akashuka, akauangalia, ulikuwa mahali pake. Akazungusha pedeli kwa mkono, mara ya kwanza, mara ya pili. Ilizunguka laini, bila sauti yoyote. Alipoinua macho, Mkia alikuwa amesimama kando ya bomba la maji, uso umejaa furaha ya mtu anayengoja kusifiwa.

"Umeifanya nini?" Sindano aliuliza.

"Nimebadilisha ekseli ya pedeli na gololi zake zote. Jana ulipolala. Ilikuwa imelika vibaya. Panda uone inavyoteleza, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Neno lenyewe lilipita tu, halikupata pa kutua.

"Ya zamani iko wapi?"

"Niliitupa."

"Wapi?"

"Kwenye pipa la hapo nje. Lakini gari la taka limeshapita..." Tabasamu likaanza kumtoka. "Kwani vipi? Ilikuwa chuma kibovu tu."

"Nilikuambia iache ilie."

"Nilidhani unaona haya kunisumbua."

"Nani alikutuma, Mkia? Nani?" Sauti yake ilipanda, na watu wakageuka. "Mimi ni mshonaji. Watu wananiletea nguo zilizochakaa, zingine za wazazi wao. Sijawahi kutia mkasi kwenye nguo ya mtu kabla sijamuuliza. Hata siku moja!"

"Nilitaka kukufurahisha."

"Hukutaka kunifurahisha. Ulitaka kunyamazisha kitu kilichokuwa kinakukera."

Mkia alirudi nyuma hatua moja. Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na lilimpata. Sindano alipanda baiskeli akaenda moja kwa moja mbele ya msafara, nyuma ya Kapteni, mahali ambapo mtu wa mwisho hawezi kufika.

Huko mbele alipiga pedeli kwa hasira tupu. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba baiskeli ilikuwa nyepesi sasa. Milima iliyokuwa inamtoa roho aliipanda huku anahema kidogo tu, na kila ilipoteleza aliona inamsaliti. Alijitahidi kuusikia mlio kichwani mwake na tayari hakuwa na hakika nao. Ulikuwa wa juu zaidi, au wa chini? Ulilia mguu wa kulia ukishuka, au wa kushoto? Hofu ile ya sakafuni ilimrudia mchana kweupe, bahari ikimeremeta kando yake na watu wakiimba.

Simu yake ililia mara nyingi. Alipoona ni Mkia, aliikata. Mwishowe ukaja ujumbe: "Nimekosa. Sijui nimekosa nini, lakini nimekosa." Aliusoma, akairudisha simu mfukoni.

Siku ya mwisho ya safari walisimama kwenye kituo cha mafuta kunywa maji. Wifi akapiga, na Sindano, aliyekuwa amejikaza muda wote huo, akamwaga kila kitu. Alisimulia mpaka kwikwi ikamshika.

"Wifi?" alisema. "Upo?"

"Nipo. Wifi yangu, nikuulize kitu, usikasirike. Unakumbuka kaka alikuwa anausemaje ule mlio?"

"Hakuwa anausema chochote."

"Aliuchukia kama deni! Na wewe ulimzidi. Mara ngapi nimekaa hapo kwenu nikakusikia: 'Baba, peleka hiyo baiskeli kwa fundi, inanitia aibu mtaa mzima.' Naye anakujibu, 'Jumamosi, mke wangu. Jumamosi naipeleka.'"

Sindano alishika nguzo ya kituo cha mafuta. Ilikuwa kweli. Yalimjia yote kwa mara moja, kero yake mwenyewe, kidole chake kikielekea mlangoni, mume akiinua mikono juu kama aliyeshikwa na askari. Jumamosi, mke wangu. Jumamosi hazikwisha, aliyekwisha ni yeye. Sauti ya maneno hayo haikurudi, aliyakumbuka kama maandishi tu. Lakini alijua sasa kwamba alikuwa amekitunza kama hazina kitu ambacho wote wawili walikuwa wanataka kiondoke, na kwamba fundi wa watu alikuwa amefanya kazi ya Jumamosi ambayo haikufika.

"Hukumpoteza kaka kwa sababu ya pedeli," wifi alisema taratibu. "Ulimpoteza zamani. Pole, wifi yangu. Pole sana."

Kapteni alipuliza filimbi, msafara ukaondoka. Sindano aliondoka nao, lakini alipunguza mwendo. Wa kwanza akampita, kisha kundi zima, wengine wakimuuliza kama anaumwa, naye akiwapungia mkono waende. Barabara ilipobaki tupu alisimama kando, kwenye nyasi zenye mchanga, akaegesha baiskeli. Hakuhitaji kugeuka. Yuko mtu mmoja tu ambaye sheria ilimkataza kumpita.

Mkia alisimama mbali kidogo, mguu mmoja chini. Alikuwa amekonda usoni.

"Kuna tatizo?" aliuliza.

"Lipo."

"Pancha?"

"Hapana." Akakaa kwenye nyasi. "Njoo ukae. Usiiguse baiskeli."

Akaja, akakaa, mikono yake ameifungia magotini. Sindano akamweleza: mume, jioni, kona ya mtaa, chai, sauti iliyomtoka kichwani. Akamweleza na Jumamosi. Mkia hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, uso wa fundi ulikuwa umelowa na hakujishughulisha kuufuta.

"Siwezi kuirudisha," alisema. "Naweza kutengeneza karibu kila kitu, lakini hiki siwezi."

"Najua. Na mimi nilikuwa na mdomo, sikuutumia."

"Nilipaswa kuuliza."

"Ulipaswa."

"Basi sasa nauliza." Alimgeukia. "Alikuwa mtu wa namna gani? Nisimulie yale unayoyakumbuka bado, yote. Ukija kusahau na hayo, nitakuwa nakumbuka mimi."

Mwanamume gani anaomba kubebeshwa marehemu wa mwanamke anayempenda?

"Utafaidi nini, Mkia?"

"Siku moja nataka kubisha hodi kwako. Si kama fundi. Nataka nikiingia nijue naingia nyumba ya nani."

"Ni nyumba yangu," alisema. Lilimtoka kabla hajalipima, na alipolisikia aliona ni kweli, ingawa lilimuuma.

Simu ya Mkia ikaanza kulia. Ni Kapteni, bila shaka. Wenzao walikuwa karibu kufika mwisho wa safari. Aliizima bila kuiangalia, akangoja.

"Alikuwa anaogopa paka," Sindano alianza.

"Mtu mzima vile?"

"Mtu mzima vile. Alikuwa anapanda juu ya kiti." Kicheko kilimtoka kikiwa kimechanganyika na kilio, akajifuta pua kwa ncha ya kilemba.

"Endelea," alisema Mkia.

Akaendelea.