Kinyozi Arudi Kazini

Mtaa mzima ulimwita Mkono Mwepesi. Kila asubuhi kinyozi huyu alifagia duka lake, akafuta kioo na kuzitia mashine mafuta. Jua likianza kuchoma, benchi lilikuwa limeshajaa wateja na porojo.

Siku moja alianguka akiwa anamnyoa mteja. Mwili ulikakamaa, akatetemeka sakafuni. Wembe ulimkwaruza mteja shavuni.

"Una kifafa," daktari alimwambia. "Ni ugonjwa wa ubongo, na hauambukizi. Meza dawa kila siku, usiruke."

Alimeza wiki mbili, akaacha. Akajifungia chumbani. Shemeji yake, aliyefanya naye kazi, alibaki dukani peke yake.

"Watu wanakuulizia," mkewe alisema.

"Waambie nimekufa."

"Na hizi soksi ninazofua kila siku ni za nani?"

Kicheko kilimjia, akakimeza. Mkewe hakumwachia. Alimpeleka kliniki kwa mshauri, mama mmoja wa makamo mwenye miwani.

"Mimi si kichaa, mama," kinyozi alisema hata kabla hajakaa.

"Najua, baba. Hii inaitwa tiba saidizi ya mazungumzo. Daktari anatibu kifafa kwa dawa. Mimi nakusaidia kuubeba mzigo unaokuja nacho: hofu, aibu, wasiwasi wa kazi. Sitafukua mambo ya utotoni. Tunaanzia hapa ulipo, na nguvu ulizo nazo."

"Nguvu gani? Nimemkata mtu."

"Duka umeliendesha miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Aliyeliendesha miaka yote hiyo ni wewe huyuhuyu. Sasa niambie, kinachokuuma zaidi ni nini?"

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Nilijikojolea," alisema. "Wote waliniona." Hata kwa mkewe hakuwahi kulitamka.

Mshauri hakumkatiza wala kumcheka. "Hilo linauma kweli. Lakini ni dalili ya ugonjwa, si kosa lako. Huwatokea wengi."

Kifua kikawa chepesi kidogo.

"Na dawa uliacha kwa nini?"

"Zinanilewesha usingizi. Niliogopa daktari ataniona msumbufu."

"Twende tumwambie pamoja."

Daktari alimbadilishia dawa. Kila wiki kinyozi alirudi kwa mshauri, wakapanga hatua ndogondogo. Kwanza apite dukani kusalimia tu. Akasalimia, akatoka jasho, akarudi nyumbani salama. Wiki iliyofuata alikaa saa nzima. Kisha akaanza kunyoa kwa mashine. Wembe alimwachia shemeji mpaka daktari atakaporuhusu.

Shemeji naye alifundishwa. "Akianguka, ondoa vitu vyenye ncha," mshauri alimwambia. "Mlaze ubavu. Usimbane, wala usimtie kitu mdomoni. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, mwite daktari."

Mwezi wa tatu wa matibabu kifafa kilirudi, duka limejaa. Shemeji alimlaza ubavu, akaweka shati lililokunjwa chini ya kichwa chake. Dakika mbili, kikapita.

Kinyozi alipozinduka, aibu ilimjia kama zamani. Safari hii aliijua. Alikunywa maji, akawatazama waliokuwa kwenye benchi.

"Jamani, nina kifafa," alisema. "Natumia dawa. Leo nakwenda kupumzika."

"Nenda, bwana," alijibu mzee aliyekuwa bado kitini, amenyolewa nusu kichwa. "Ila mimi nakungoja wewe. Huyu shemeji yako ananinyoa kama anafyeka majani."

Jioni mkewe alimuuliza, "Kesho utakwenda kazini?"

"Daktari akinipima na kuniruhusu, nakwenda," alisema kinyozi, akiweka kidonge ulimini. "Mzee wa watu amebaki na nusu kichwa."