Jozi za Mti Namba Saba

Kila Oktoba shule yetu ya milimani hufungwa, na kijiji kizima huhamia msituni kuokota jozi, kokwa za mjozi zenye ganda gumu. Jioni kila mtu humwaga kapu lake katika gunia moja la familia. Ndivyo tulivyozoea tangu enzi za mababu.

Mwaka ule alikuja mtafiti, Daktari Aijamal. Alitaka kokwa za miti mikongwe, kila mti na namba yake na mfuko wake. Jozi ya ghalani hufa upesi, lakini yeye angetoa viini na kuvigandisha katika baridi kali ajabu, vikae hai miaka na miaka. Mimi, Oydin, nilikabidhiwa mti namba saba. Kokwa zake ni ndogo, ngumu kama kichwa cha mjomba wangu, na sokoni hazina mnunuzi. Lakini mwaka ambao baridi iliua maua ya miti mingine yote, ni mti huo tu uliozaa. Sasa ulikuwa unakauka tawi baada ya tawi.

Siku ya daktari kuondoka nikakuta mfuko wangu mtupu. Kwa mazoea nilikuwa nimeumwaga guniani, mimi mwenyewe, na kokwa zikachanganyika na nyingine ndogo zisitambulike tena! Niliona aibu mno.

"Jaza zozote," akasema Mjomba Rustam. "Jozi ni jozi. Nani atajua?"

"Mimi."

"Ebo! Unanijibu?"

"Nakujibu, mjomba. Mti ule ukifa, tutabaki na namba yake kwenye kokwa za mti mwingine. Sidanganyi ng'o!"

Nikamwendea daktari, nikamwambia ukweli wote. Hakunifokea. Alitazama saa tu. "Nakupa saa moja."

Kokwa zilizobaki zilikuwa kileleni, zile ambazo kwa desturi huachiwa ndege. Nikajifunga kamba kiunoni.

"Hizo za ndege!" mjomba akafoka. "Tena msichana hapandi mjozi!"

"Ndege nitawaomba radhi. Wewe shika kamba."

Akaishika huku akinung'unika, na hakuilegeza hata kidogo. Nilipanda upande wenye majani mabichi, nikashuka na kokwa kumi na tisa.

Daktari akaandika saba kwenye mfuko, kisha akatugeukia mimi na mjomba.

"Katika baridi ile hakuna kinachooza," akasema. "Oydin angenidanganya leo, uongo wake ungeishi miaka mia, na wajukuu wenu wangeupanda."