Mkanda Mweusi wa Wakesho

Mbwa wa askari alinusa begi la Munyoki, akaketi chini, akakataa kuondoka.

Stesheni ya reli ya Voi ilikuwa imejaa asubuhi hiyo. Abiria wa kwenda Mombasa walikuwa wamepanga mizigo yao sakafuni kwa mstari, kila mtu nyuma ya mzigo wake, wakisubiri ikaguliwe. Mbwa alikuwa amepita masanduku, akapita kikapu cha maparachichi na gunia la pojo, na sasa hapa ndipo alipofika mwisho wa safari. Watu wakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo.

"Fungua," askari akasema.

Munyoki akafungua zipu. Zikatoka kinga za kifua, nyekundu na buluu, nene kama magodoro ya watoto, zikinuka jasho la mwaka mzima.

"Hii nini?"

"Vifaa vya taekwondo, afande. Napeleka wanafunzi mashindanoni."

"Mimi nilidhani ni za kuogelea," sauti ya mwanamke ikasema nyuma yake. "Nikasema huyu, treni ikizama, ataokoka peke yake."

Watu wakacheka, hata askari. Munyoki akageuka. Aliyesema alikuwa msichana mrefu, gauni la manjano lenye vifungo mbele, raba nyeupe, nywele zimesukwa twisti ndogo ndogo na kufungwa juu. Hakucheka. Alikuwa amekaza midomo kama mtu anayezuia kicheko kwa nguvu zake zote.

"Na wewe ningekuokoa," Munyoki akasema.

"Unajuaje sijui kuogelea?"

"Watoka wapi?"

"Sagalla."

"Sagalla maji ya kunywa yenyewe ni shida. Ya kuogelea uliyapata wapi?"

Hapo kicheko kikamshinda.

Jina lake lilikuwa Wakesho, na alikuwa akienda harusi ya binamu yake. Ndani ya treni alibadilishana kiti na mzee mmoja ili akae karibu na wale watoto wenye mikanda ya rangi, au ndivyo alivyosema. Aliuza katika duka la dawa karibu na stendi ya Voi. Munyoki alikuwa fundi wa friji, Mkamba ambaye wazazi wake walihamia Voi kufanya biashara kabla hajazaliwa. Mchana alitengeneza friji za mabucha na za baa. Jioni alifundisha taekwondo katika ukumbi wa kanisa.

"Na mtu mzima anaweza kuanza?" Wakesho aliuliza kabla hawajafika Mombasa.

"Miaka mingapi huyo mtu mzima?"

"Hujui kwamba hilo haliulizwi?"

Alikuja Jumatatu iliyofuata. Wanafunzi walimwita Munyoki "Sabum", neno la Kikorea la mwalimu, na Wakesho akalitamka kwa madaha hadi watoto wakaanza kumwiga. Wiki ya kwanza magoti yalimtetemeka akapanda ngazi za duka akijishika ukutani. Wiki zilizofuata alikoma kutania. Alikuwa na kitu ambacho Munyoki hakuwa amekiona kwa mwanafunzi yeyote: mguu wake uliinuka kama vile haukuwa na uzito, ukapiga, ukarudi, na mtu akabaki akijiuliza kama kweli ameuona.

Munyoki alikuwa mwalimu wa polepole. Walimu wenzake walimcheka kwamba watoto wa kwingine hubadilisha mikanda kila muhula, wake wanaufua ule ule mpaka rangi inatoka. Yeye hakujali. Alitaka mwili uzoee jambo hadi ulifanye bila kuulizwa, ndipo aongeze jingine. Wakesho alipita mkanda wa njano, wa kijani, akaingia wa buluu, na kila mara alisubiri kuliko alivyotaka.

Jioni moja baada ya mtihani wa buluu, simu ya Munyoki ililia.

"Sabum."

"Tuko nje ya ukumbi. Niite Munyoki."

"Sabum Munyoki, mguu wangu unauma."

"Wapi?"

"Hapa."

"Wakesho, hii ni simu. Hapa ni wapi?"

"Si uje uone."

Akaenda. Mguu haukuwa na tatizo lolote. Walikula viazi karai kando ya barabara, malori ya Mombasa yakipita na kuwatimulia vumbi, na Munyoki akamfuta vumbi shavuni.

Wakawekeana sharti: ndani ya ukumbi ni mwalimu na mwanafunzi, nje ni wao wawili. Nje Munyoki alimwita Keshi wangu, na yeye akamwita fundi, kwa sauti ambayo ilimfanya Munyoki asahau alikoweka bisibisi. Lakini sharti lilivuja. Alipomsahihisha mbele ya wengine, Wakesho alinuna hadi kesho yake. Alipomsifu, wengine walitazamana.

Wakesho alikuwa na mkanda mwekundu, wa mwisho kabla ya mweusi, kwa miezi michache tu alipoleta habari. Ukumbi ulikuwa mtupu. Munyoki alikuwa akifagia.

"Kuna timu Nairobi inachukua wanawake," alisema. Macho yalimwaka. "Inalipa mshahara, Munyoki. Mshahara wa kurusha mateke! Mchujo ni Desemba. Lakini lazima uwe na mkanda mweusi, na usiwe umepita miaka ishirini na saba."

Munyoki akasimamisha ufagio.

"Nipe mtihani," Wakesho akasema.

"Bado."

"Bado nini? Nampiga kila mtu hapa ndani. Hata wewe nimekupiga."

"Kupiga si shida. Shida ni kutua. Ukiruka na kuzunguka, ukitua goti lako linaanguka kwa ndani. Limeanza kunyooka, naliona. Mwaka mmoja tu, Keshi."

"Mwaka ujao umri wangu umepita! Mwaka ujao nitakuwa pale pale dukani nikiuza dawa ya minyoo, na mama bado anashuka bonde na mtungi." Akasogea karibu. Sauti yake ikashuka. "Niambie ukweli. Kama ningekuwa mwanafunzi tu, si Keshi wako, ungenipa huo mtihani?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Munyoki alipojitazama ndani aliliona lile goti, kisha akauona ukumbi huu bila Wakesho, simu isiyolia, viazi vya mtu mmoja. Na alipojaribu kuviweka mbali mbali, goti huku na hofu kule, vilikuwa vimeshikamana, hakujua kimoja kinaishia wapi.

Akachelewa kujibu.

"Aha," Wakesho akasema.

"Keshi, subiri."

"Unaogopa nitaenda. Unanifunga na mkanda, Munyoki."

Alichukua begi lake, akatoka. Siku zilizofuata simu yake iliita bila kujibiwa, kisha ikawa haiiti kabisa. Dukani, Wakesho alipomwona Munyoki kwa mbali akivuka barabara, alimwambia mwenzake ahudumie kaunta, akaingia nyuma kuhesabu maboksi ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Huko nyuma alilia, akakasirika kwamba analia.

Wakesho alienda Taveta. Huko mpakani kulikuwa na mwalimu aitwaye Elijah, mtu mkunjufu, mwepesi wa kuwaamini watu. Alimtazama Wakesho akirusha mateke matatu hewani bila kugusa chini, akapiga makofi. Hata hivyo hakupenda kumchukua mwanafunzi wa mwenzake kimya kimya. Akapiga simu.

Munyoki alikuwa amelala chini nyuma ya friji ya bucha, tochi mdomoni.

"Mwanafunzi wako yuko kwangu," Elijah alisema. "Anataka mtihani wa mweusi. Mimi namwona yuko sawa. Wewe wasemaje?"

Munyoki alitoa tochi mdomoni. Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lingemfikia Wakesho, na Wakesho angejua kwamba ni yeye tena, amemfuata hadi Taveta kumfungia mlango.

"Mtazame goti lake la kushoto anapotua," alisema.

"Nimelitazama. Mimi sioni kitu."

"Basi amua wewe, ndugu yangu. Mimi siwezi tena kumwona vizuri."

Wiki chache baadaye picha ilitokea kwenye simu: Wakesho, sare nyeupe imepigwa pasi, mkanda mweusi kiunoni ukiwa bado mgumu, ncha zake zimesimama pande mbili. Alikuwa akicheka. Munyoki aliandika *Hongera*, akafuta. Akaandika *Mungu akulinde*, akafuta. Mwishowe alibaki akiitazama picha hadi simu ikajizima yenyewe.

Mchujo wa Nairobi ulirushwa moja kwa moja mtandaoni. Munyoki alijifungia ukumbini mchana ule, akaegemeza simu kwenye kinga ya kifua, akakaa sakafuni. Mtandao ulikuwa unakwama. Alimwona Wakesho akiingia uwanjani, kinga nyekundu, kofia ya kichwa imemfanya aonekane mdogo. Alimwona akiinama kumsalimu mpinzani. Pigano la Wakesho likaanza. Alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri kuliko alivyowahi kuwa ukumbini, na Munyoki akajisikia akisema kwa sauti, peke yake, "Nilikosea. Nilikosea, Keshi. Piga!"

Wakesho akaruka, akazunguka.

Picha ikasimama.

Alikuwa pale hewani, mguu mmoja umenyooka, twisti zimetoka chini ya kofia, na kiduara kidogo kikizunguka juu ya uso wake. Munyoki aliitikisa simu. Akasimama, akaenda dirishani, akaiinua juu, akarudi. Kiduara kikazunguka. Picha iliporudi, uwanjani kulikuwa na wasichana wengine wawili, na mtu alikuwa akipangusa mkeka kwa kitambaa.

Akampigia. Simu imezimwa. Akampigia tena na tena, akijua imezimwa.

Aliyempa habari ni mama yake Wakesho, Priscilla, aliyepokea simu baada ya siku mbili. "Ni goti, mwalimu," alisema kwa sauti iliyochoka. "Kano imekatika. Amerudi nyumbani. Hataki kuona mtu."

Munyoki akapanda Sagalla hata hivyo. Bodaboda ilimfikisha kanisani, kilima kikawa kikali, akamalizia kwa miguu. Priscilla alikuwa uani akimwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye shina la mgomba, taratibu, yasipotee. Alimtazama, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Wakesho alikuwa amekaa kitandani, mguu umefungwa magango hadi pajani, leso ya mama yake mabegani. Uso ulikuwa umekonda.

"Sema," akamwambia kabla hajaketi. "Sema ulinionya, umalize, uende."

"Sikuja kwa hilo."

"Umekuja kwa nini?"

"Nilikuwa nakutazama. Mtandao ukakatika ukiwa juu." Akautazama mguu uliofungwa. "Sijui hata ulianguka vipi."

Wakesho aliivuta leso mabegani. "Nilitua," akasema. "Basi. Nilitua tu, kama ninavyotua siku zote. Nikasikia kitu kimelia kama kijiti kinachovunjika." Akafuta pua kwa leso. "Elijah aliniambia alikupigia. Kwa nini hukukataa?"

"Ningekataa ungesema nakufunga."

"Ningesema. Ningekuchukia."

"Najua."

"Lakini goti ningekuwa nalo, Munyoki!"

Munyoki aliketi kwenye kiti cha mbao, mikono katikati ya magoti, na machozi yalipomtoka hakuyaficha. Wakesho alimtazama kwa hasira, kisha hasira ikakosa pa kushika.

"Nilimuuliza daktari," alisema polepole. "Nikamwambia, kama ningesubiri mwaka? Akasema labda. Akasema pia hata mabingwa hukatika, tena wa miaka mingi. Hakuna ajuaye. Ningependa angalau mmoja wetu ajue, nimlaumu."

"Nilaumu mimi."

"Nimejaribu. Naanza vizuri, halafu nakukumbuka ukila viazi."

Priscilla aliingia na chai, akaweka vikombe juu ya stuli, akasimama pale pale, mkono kiunoni. "Mwalimu, samahani nikuulize. Wanafunzi wako wote wakiumia unawalilia hivi?"

"Hapana, mama."

"Basi wewe ni nani kwa huyu?"

Munyoki akasimama, kwa heshima. "Mimi ni mtu anayetaka kumwoa, mama. Mkinikubalia nitaleta wazee."

"Hajaniuliza mimi," Wakesho akasema.

"Nakuuliza."

"Kwa sababu nimevunjika?"

"Ningekuuliza mapema. Nilikuwa kila nikifungua mdomo sijui anayesema ni mwalimu au ni mimi."

Wakesho alikizungusha kikombe mikononi. Nje kuku walikuwa wakigombana. Priscilla hakuondoka, wala hakuna aliyethubutu kumwomba aondoke.

"Basi chagua," Wakesho akasema. "Nikipasuliwa, nikapona, nitarudi kwenye mkeka, hata kama ni kuanza na watoto wa mkanda mweupe. Lakini si kwako. Nitakwenda kwa Elijah, au kwa mwingine. Ataamua yeye, na ukiona anakosea utanyamaza. Utakaa pembeni kama mume wa mtu. Unaweza?"

Munyoki aliwaza mtu mwingine akimtazama akiruka, mtu asiyeliona lile goti. Hakuna alichokifahamu vizuri duniani kuliko kazi ile ya kufundisha, na alikuwa akiombwa aiweke chini mbele ya mtu pekee aliyeihitaji.

"Sijui kama naweza," akasema. "Lakini nimechagua."

"Haya. Leta wazee wako."

Wakesho akashusha mguu wake usioumia sakafuni, akataka kusimama. Munyoki akamwekea bega. Walipiga hatua moja, na maumivu yakamkata Wakesho katikati. Akauma leso, vidole vyake vikazama kwenye mkono wa Munyoki. Munyoki alifungua mdomo kumwambia auweke uzito wapi, akaufunga. Akamshika tu, wakasimama hapo katikati ya chumba, wakingoja yapungue.