Aliyeziba Tundu la Moyo wa Sikudhani

Hamida aliweka ungo chini, lakini mlio wa kupepeta haukukoma. Shwaa, shwaa. Adhuhuri ile, ua wao pale mtaani Kikuyu haukuwa na mtu mwingine ila mke mwenzake, Sikudhani, aliyejilaza jamvini. Hamida akainama. Sauti ilitoka kifuani mwa Sikudhani, na pamoja nayo harufu ya udongo wa kaburi bichi.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kufurika soko la Majengo. Daktari alikwisha kusema: moyo wa Sikudhani una tundu, kazaliwa nalo, na sasa uzeeni ndipo linapomchosha, damu ikipita hapo huvuma. Anywe dawa kila siku, aonwe kila mwezi.

"Tundu la kuzaliwa, kwa bibi wa miaka hamsini na nane?" Hamida alimcheka. "Huo si moyo, mwenzangu. Huo ni upepo wa jini."

"Upepo ni wewe unayeninyima pumzi," Sikudhani akajibu akihema. "Nipe vidonge vyangu."

Vidonge Hamida alikuwa amevificha. Mungu amsamehe: la upepo hakuwa na hakika nalo, lakini chuki alikuwa nayo, ya miaka ishirini, tangu mume wao akiwa hai.

Ijumaa baada ya swala akamleta Abbasi, mganga wa Kondoa. Ubani ukafuka, kisomo kikaanza, na kadiri kisomo kilivyopanda ndivyo uvumaji ule nao ulivyopanda, mpaka mbuzi wa jirani wakanyamaza, jamvi likatetemeka, na kinywa cha Sikudhani kikafunguka wazi, ulimi umetulia tuli, ikatoka humo sauti ya kiume, kavu, yenye dharau.

"Mnanifukuza? Nimejibana tunduni humu tangu alipozaliwa. Nikitoka, nani ataziba?"

Abbasi akafunga kitabu alichokuwa akisomea. "Jini akiuliza, mganga hajibu," alinong'ona. "Hujibu mwenye mgonjwa. Sema, dada. Akae au atoke?"

Hamida alielewa vizuri sana alichoulizwa.

"Atoke."

Kifua kikanyamaza. Midomo ya Sikudhani ikawa rangi ya zambarau; akamng'ang'ania Hamida kanga.

"Mwenzangu... kauliza nini?"

"Hakuuliza kitu."

Vidole vikalegea, kanga ikaachiwa.

"Mwongo," ikasema ile sauti ya kiume, taratibu.

Abbasi akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Hakuwa akimtazama maiti. Alikuwa akiutazama mdomo wa Hamida, uliofunguka wazi.